Siku Nane Ziwani Kivu, na Ghuba Nisizozitaja

Jumamosi 24 Agosti 2019, Bukavu

Baba mdogo amefika kwangu Nguba kabla ya saa moja asubuhi. Ametembea kwa miguu kutoka Kadutu na mfuko wake wa safari: blanketi, sweta, sabuni, na sindano ya mti ya kushonea nyavu ambayo nimeiona mikononi mwake tangu nikiwa mtoto. Nimemuuliza sindano ya nini, maana hatuna wavu. Akajibu, "Muvuvi haendaka Idjwi mikono mitupu."

Safari hii ilianzia darasani. Mwezi wa sita, kabla shule hazijafungwa, niliwapa wanafunzi wangu wa biolojia karatasi, kila mmoja aandike majina ya samaki watano wa ziwa Kivu. Sambaza, wale wadogo kama dagaa, waliandika wote. Tilapia, karibu wote. Baada ya hapo wakaanza kubahatisha: makayabu, ambaye ni samaki wa bahari anayetufikia amekaushwa kwa chumvi, thomson, anayeletwa katoni kwa katoni akiwa barafu. Hawa ni watoto waliozaliwa kwenye vilima ambavyo ukimwaga maji ya kuoshea vyombo yanaishia ziwani. Nilipomsimulia Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu. Ana miaka 70, na zaidi ya nusu yake imekwenda majini. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwalimu, unajua wangapi?" Nikamtajia sita. Akasema basi twende Idjwi, kisiwani.

Alitaka tuanzie pale maji ya ziwa yanapotokea. Tumeteremka mpaka karibu na mdomo wa mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, upande wetu wa Kongo, tukasimama mbali kidogo na askari. Chupa, ndala, mifuko na vifuniko vimeshikana juu ya maji kama jamvi, na mwewe wanatembea juu yake. Mto Kawa unashusha taka za mitaa mingi ya mji, mvua inaongeza zake, na kwa kuwa ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, kila kinachoelea mwishowe kinakuja hapa. Kidogo chini kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki inaingia mpaka kwenye mitambo, inabidi izimwe ili isafishwe, na sisi tunalala gizani. Giza tunalilalamikia kila siku. Chupa tumezitupa kwa mikono yetu.

Nimemweleza Baba mdogo kitu ambacho yeye alikuwa hakijui, na nilifurahi kuwa na cha kumpa: kwamba zamani sana maji ya Kivu yalikuwa yakienda kaskazini, kuelekea ziwa Edward na mto Nili. Volkeno za Virunga ziliziba bonde, maji yakapanda na kupanda mpaka yakapata pa kumwagikia huku kusini, yakaenda Tanganyika. Ndiyo sababu samaki wetu wa asili ni ndugu wa wale wa kaskazini. Wa Tanganyika hawawezi kupanda maporomoko ya Ruzizi. Alitazama jamvi lile la plastiki akasema, "Kumbe hata njia ya maji inaweza kufungwa."

Jumapili 25 Agosti, Bukavu

Misa, kisha maandalizi. Nimenunua jile mbili, yaani vizibao vya kuelea majini, mpya, kwa bei iliyoniuma. Kila mlango wa ofisi na duka una ndoo ya maji ya klorini: tangu ugonjwa wa Ebola uingie Goma mwezi wa saba, na wiki iliyopita wagonjwa wakapatikana Mwenga, hakuna anayesalimia kwa mkono. Tunagusana viwiko. Wazee wanaona haya kusalimiana hivyo, na Baba mdogo anainamisha tu kichwa.

Jumatatu 26 Agosti, Lwiro

Teksi hadi Kavumu, halafu pikipiki mbili katika vumbi la mwisho wa kiangazi. Ukifika Lwiro, kilomita kama 45 kutoka Bukavu, unadhani umeingia katika monasteri: majengo makubwa ya mawe na matofali, matao, bustani, na nyuma yake mlima Kahuzi ukiwa umefunikwa na ukungu. Wabelgiji walikijenga kituo hiki cha utafiti kwa ajili ya taasisi waliyoiunda mwaka 1947. Leo kinabeba jina la Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, na kando yake kuna makao ya sokwe mtu yaliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya watoto wa sokwe walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Tulisikia kelele zao kabla hatujaona mtu yeyote.

Nilikuja kwa ajili ya samaki. Kijana mmoja mtafiti, mwenye subira kubwa, alituongoza hadi kwenye kabati la chupa. Samaki wamelala ndani ya dawa, rangi zote zimewatoka, wamekuwa weupe kama mishumaa. Kila chupa ina karatasi yenye jina la Kilatini kwa mwandiko wa zamani.

Kijana alitueleza hesabu yake. Aina za samaki wa Kivu hazizidi 30, wakati Tanganyika ina mamia. Lakini katika wachache hao, 15 wa ukoo wa haplokromi, wale samaki wadogo wa mawe na matete, hawapatikani popote duniani ila hapa. Ziwa lote lingekufa leo, hao hakuna pa kuwatafuta.

Na sambaza? Sambaza ni mgeni. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wabelgiji walichukua maelfu ya vifaranga vya samaki Tanganyika wakavimwaga Kivu, kwa sababu waliona katikati ya ziwa hakuna samaki anayekula vidudu vinavyoelea. Walileta aina mbili wakichanganya. Moja ilishindwa. Nyingine, Limnothrissa, ikashika, na ndiyo hiyo tunayoikaanga. Kuna kidudu cha maji kiitwacho dafnia, kikubwa kuliko wenzake, ambacho kilikuwa kikila mwani wa ziwa hili kama ng'ombe anavyokula nyasi. Sambaza walikila mpaka kikatoweka. Nimefundisha biolojia miaka 11 nikiwa sijui hilo. Nimelipigia mstari mara mbili.

Sasa lililonifanya niandike usiku huu kwa taa ya simu. Baba mdogo hasomi Kilatini. Alisogea kwenye kabati, akaziangalia chupa moja moja, halafu akaanza kuzitaja kwa Kihavu. Huyu anakaa chini ya mawe, jike lake linabeba watoto mdomoni. Huyu ukimwona ujue matete yako karibu. Huyu tulikuwa tunamshika na mgono, mama zetu walimpika na ndizi. Huyu tulimwachia watoto wajifunze kuvua. Kijana aliacha kuongea, akatafuta kalamu. "Papa, rudilia polepole." Saa nzima ilipita hivyo, mmoja ana jina la karatasi na mwingine ana jina la mdomo, wanaoanisha chupa kwa chupa. Chupa mbili Baba mdogo alisimama mbele yake bila neno. Kisha akasema hao alikuwa amewasahau, na kwamba aliwaona mara ya mwisho akiwa hajaoa.

Jumanne 27 Agosti, Ishungu hadi Idjwi

Tumeshuka hadi Ishungu kupanda boti ya kwenda kusini mwa kisiwa. Ni boti ya mbao yenye motere moja, imebeba mifuko ya unga, magodoro, mbuzi watatu, na watu kuliko nafasi. Mwezi wa nne mwaka huu boti ilizama upande wa Kalehe, watu zaidi ya mia moja hawakuonekana tena, na Rais Tshisekedi alikuja mwenyewe akaamuru kila abiria avae jile. Hapa jile zilikuwa rundo moja mbele ya boti, zimefungwa na kamba, hazikutosha hata nusu yetu. Tulivaa zetu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akiwa na mtoto mchanga aliitazama jile yangu, nami nikaona haya ambayo siwezi kuyaeleza vizuri. Nilimfunga mtoto wake katikati yetu, kamba yangu kiunoni mwake, tukavuka hivyo.

Upepo wa kusini ulikuwa mkali. Baba mdogo anaupenda upepo huu. Wavuvi wanajua kwamba baada ya upepo wa kiangazi samaki wanaongezeka. Kijana wa Lwiro alisema jambo lilelile kwa maneno mengine, kwamba upepo unakoroga tabaka la juu la ziwa na kupandisha chakula kutoka chini, vidudu vinazaana, samaki wanashiba.

Karibu na ufuko wa Idjwi, kwenye mawe, fisi maji! Kichwa bapa, sharubu, mabaka meupe shingoni. Alijitokeza, akatutazama, akazama, akatokea tena na samaki mdomoni, akalala chali akimtafuna. Nilipiga kelele kama mtoto. Vijana wawili ndani ya boti walisema huyo ni mwizi, anachana nyavu, ukimkuta unampiga kwa kasia. Baba mdogo aliwauliza, "Nyinyi mukikuta fisi maji mahali, munajua nini?" Hawakujibu. "Munajua kama ile mahali iko samaki. Mukimuua, nani atawaonyesha?"

Jumatano 28 Agosti, Monvu

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Kivu, na katika visiwa vya maziwa ya Afrika kinazidiwa na Ukerewe peke yake. Vita vyote vilivyopita huku na huku kisiwa hakikuvipokea kama sisi tulivyovipokea, na watu wake wanajivunia hilo. Lakini mwaka 1994 wakimbizi walikuja kwa maelfu, miti ikakatwa, na tangu hapo watu wamezidi kuongezeka juu ya ardhi isiyoongezeka. Kila ubavu wa kilima umelimwa: mihogo, ndizi, mananasi ambayo sijaona matamu kama haya, na kahawa. Kahawa ile iliuwa wanaume wengi. Miaka na miaka waliivusha usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda, dhoruba zikawachukua. Nimekaa na mjane mmoja, amenipa kahawa yenyewe, nikainywa nikiwa sijui niseme nini. Bambuti, waliokuwa na msitu kabla ya wote, leo wanakaa pembezoni bila shamba, na msitu wenyewe umebaki vipande.

Kwa hiyo mtu akifika hapa kusema "tuhifadhi", ajue anaongea na watu waliokwisha kubakiwa na maji tu.

Mchana Baba mdogo alinichukua kwa mtumbwi mdogo kuzunguka ghuba alizojua. Hapa ndipo nilipopata nilichokuja kukitafuta, na hapa ndipo ninapolazimika kunyamaza. Kila ghuba ina jina, na jina linabeba habari: pale samaki wanapotagia, pale maji yanapogeuka kabla ya dhoruba, pale ambapo wazee walikataza kutupa wavu kuanzia mvua za kwanza mpaka maharage yachanue. Sambaza wakubwa wanakaa katikati ya ziwa, lakini mayai wanakuja kuyataga kandokando, na vifaranga vinakulia humu humu ghubani, kwenye maji ya kina kifupi. Wazee hawakumjua sambaza. Makatazo yao yalikuwa kwa ajili ya samaki wa mawe. Yakamfaa na mgeni.

Katika ghuba tano tulizopita, mbili tulikuta vyandarua. Vyandarua vya mbu, vimeshonwa vitatu vitatu, vinavutwa kuelekea ufukoni na watu wanane, wanawake na watoto wamo. Kilichokuwa ndani hakikuwa na ukubwa wa kuitwa samaki: uji wa fedha, macho meusi maelfu, mayai. Mama mmoja alituona tukitazama, akatuambia kabla hatujauliza, "Watoto wanakula leo." Nani atamjibu huyo? Mimi sikumjibu.

Alasiri wazee wanne walikuja kumsalimia Baba mdogo. Nilifungua daftari kuandika majina ya ghuba, mmoja wao akaweka kiganja juu ya ukurasa. Hakukuwa na ukali. Alisema wenye vyandarua nao wana simu, nao wanasoma. Ukiandika kwamba samaki wanatagia mahali fulani mwezi fulani, umewapa ramani. Majina ya samaki andika yote, alisema, wafundishe watoto. Majina ya ghuba yabaki kwa wanaoziangalia. Tumekubaliana hivyo. Daftari langu lina majina 17 ya samaki kwa Kihavu na Kilatini chake nilichonakili Lwiro, na wanafunzi wangu watakuwa wa kwanza kuyapata. Ghuba hazimo.

Alhamisi 29 Agosti, ziwani

Tulitoka jana saa kumi na moja jioni na sasa ni mchana, sijalala, lakini nisipoandika leo nitapoteza.

Chombo cha sambaza ni mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba kwa miti, na mbele na nyuma kunachomoza miti mirefu ya mikaratusi, imepinda kidogo, kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Wanaume tisa. Kupiga makasia ni kwa wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, kasia linaingia majini kwenye itikio. Nyimbo zinataja wanawake, madeni, waliozama. Wimbo mmoja ulimfanya Baba mdogo ashushe kichwa. Baadaye aliniambia ulikuwa unaimbwa na ndugu yake, na kwamba vijana hawa wameubadilisha mwisho.

Mwezi uko ukingoni, mwembamba, unachomoza karibu na alfajiri tu, na ndiyo sababu watu wako majini. Usiku wa mbalamwezi sambaza wanatawanyika, taa haina nguvu juu yao. Baba mdogo alianza na kolemani za petroli; leo ni taa za betri. Ziwashwapo, ziwa lote linajibu: taa mia, taa zaidi ya mia, mpaka upande wa Rwanda, ukidhani mji umejengwa juu ya maji. Wavu unateremshwa katikati ya miti ile, halafu mnangoja.

Kungoja huko ndiko kunakokufanya ufikirie kilicho chini. Ziwa lina kina cha mita zaidi ya 480, lakini samaki wana mita kama 60 tu za juu. Chini ya hapo hakuna hewa ya kupumua. Chini kabisa kumefungiwa gesi, methani kilomita za ujazo kama 60 na kaboni dioksidi kama 300, zinazoshikiliwa na uzito wa maji yenyewe. Mwaka 1986, Nyos kule Kameruni, ziwa dogo sana kuliko hili lilitapika gesi yake usiku mmoja na kuua watu zaidi ya 1,700. Rwanda wameanza kuivuta methani ya Kivu kufanya umeme. Sisi bado tunavua juu ya dari hiyo nyembamba. Nilipomweleza kijana aliyekuwa karibu nami, alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo yote tunayo kula iko paka mu hii sehemu ya juu." Sijawahi kusikia mwanafunzi akilifupisha vizuri hivyo.

Mzee wa chombo aliniuliza, mwalimu, kuna kisiwa chochote ambako watu walipoteza kitu kikarudi? Nikawasimulia habari za Shelisheli, katika Bahari ya Hindi. Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Cousin, hekta kama 27, kilichokuwa shamba la minazi. Ndege mmoja mdogo mwimbaji alikuwa amebaki hapo tu duniani, hata 30 hawafiki. Mwaka 1968 shirika la kimataifa la kulinda ndege lilikinunua, minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikaachwa irudi. Ndege wakajaa. Mwaka 1988 baadhi yao wakahamishiwa kisiwa cha Aride, baadaye visiwa vingine, na leo ni maelfu. Nikawaambia pia habari za kasa ng'amba, ambaye gamba lake lilikuwa likichongwa vitana na mapambo ya kuuzia wageni, mpaka mwaka 1994 sheria ilipokataza kabisa.

Walisikiliza. Halafu swali likaja, nililolitarajia: "Na wale waliokuwa wanachonga, walikula nini?" Nilifurahi kuwa na jibu. Serikali iliwalipa fidia, ikanunua magamba waliyokuwa nayo, wakasaidiwa kushika kazi nyingine. Kimya. Maji yakapiga ubavu wa mtumbwi. Kisha mzee wa chombo akasema hapa kila mtu anakuja kuwakataza, na kila anayewakataza anawalipisha: ukitua ufukoni kuna kodi ya huyu, na ya yule, na ya mwenye bunduki. Lakini wa kuja kusema "ghuba hii ifungeni miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu mtakula hivi", bado hajamwona. Rwanda wanafunga uvuvi wa upande wao kwa muda kila mwaka, na wavuvi hawa wanajua kwamba baada ya kufungua, samaki wanapatikana wakubwa. Wanajua. Hawahitaji mimi niwafundishe hilo.

Saa nane usiku waliinua wavu. Wanaume tisa wanavuta kwa wimbo mfupi mmoja unaorudiwa, wavu unapanda polepole, na maji ndani yake yanaanza kuchemka kwa rangi ya fedha. Sauti yake ni ya mvua juu ya bati. Karai moja na nusu. Baba mdogo alitumbukiza mkono akachota kiganja, akawapima kwa kidole chake cha shahada kama alivyokuwa akifanya zamani. Hawakufika pingili ya pili. Miaka ya 1980, alisema, walikuwa wanapita kidole chote.

Alfajiri alikaa na kijana yule wa "sehemu ya juu", akamfundisha kushona tundu la wavu kwa fundo ambalo halikazi macho yake. Walipomaliza hakuirudisha sindano mfukoni. Ilibaki kwa kijana.

Ijumaa 30 Agosti, kuelekea Bugarula

Kutwa juu ya pikipiki, kusini hadi kaskazini mwa kisiwa. Mvua ya kwanza ya msimu imetupiga njiani. Mdiria juu ya kila mti wa ufukoni. Nimelala kabla ya jua kuzama.

Jumamosi 31 Agosti, Goma

Boti kubwa kidogo, mawimbi madogo. Mbele yetu Nyiragongo ilijitokeza juu ya moshi wa mwisho wa kiangazi, na usiku ulipokuwa haujaisha vizuri tuliona wekundu mdomoni mwake. Kushoto, mbali, kuna kisiwa kidogo cha Tchegera, ukingo wa kreta iliyozama, nacho ni sehemu ya mbuga ya Virunga. Mbuga hiyo ni ya mwaka 1925, ya zamani kuliko zote Afrika. Wanafunzi wangu wakisikia jina lake wanafikiria sokwe. Nitawaambia pia habari za viboko wa mbuga hiyo na ziwa lake la Edward, waliokuwa zaidi ya 20,000 miaka ya 1970 na kabla ya mwaka 2006 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, na jinsi samaki wa ziwa lile walivyopungua nao, kwa kuwa mavi ya kiboko ni mbolea ya maji.

Tumetua Kituku. Mawe meusi ya lava chini ya miguu, klorini, kipimajoto kwenye paji la uso, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinasukumwa katikati ya watu, kelele ya wabeba mizigo. Wanawake wamepanga karai za sambaza mstari mrefu. Tulipita tukiangalia. Karai ya tano au ya sita Baba mdogo alisimama.

Ndani yake mlikuwa na ule uji wa fedha. Macho meusi.

"Papa, nikupimie? Hii ni tamu sana, haina hata mifupa," mama muuzaji alisema, kopo tayari mkononi. Alikuwa mchangamfu, mwenye kanga mpya, anafanya kazi yake. Baba mdogo alimwamkia vizuri, akauliza imetoka wapi. Naye akaitaja ghuba kwa jina lake kamili la Kihavu, kwa sauti ya sokoni, kama mtu anavyotaja bei. Ilikuwa moja ya zile tano. Si moja ya zile mbili tulizokuta vyandarua. Ilikuwa ile ambayo wazee walisema bado iko salama.

Alinunua kopo moja, akaliangalia muda, akampa mtoto aliyekuwa akiomba omba pembeni. Kisha akauliza boti ya kurudi Idjwi inatoka lini. Kesho saa mbili asubuhi, wakamwambia. Alitua mfuko wake chini, juu ya lava, akaketi juu yake.

"Baba mdogo, tunatakiwa Bukavu."

"Wewe uko na masomo Jumatatu. Mimi nitarudi ng'ambo, niwaambie wazee."

Nimempa pesa za boti, nusu ya mkate, na jile yangu. Sasa anazo mbili.